MAREHEMU ALIBHAI MULLA JEEVANJEE, MKANDARASI

Baada ya kutoa hesabu za Chama, twaona vema kuwakumbusha wazee wetu na wanachama wote habari za mtu aliyetutangulia katika kazi ambayo wengi wetu wa Thika na Ruiru twapata riziki kwayo, yaani kazi ya mawe, saruji na chuma.

Bwana Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jamaa ya Mabohora. Alifanya biashara hata Australia, na mwaka 1890 akafika Mombasa. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, kampuni yake ilishika kandarasi za kuleta mafundi na vibarua kutoka Bara Hindi, kuwapatia chakula, kuchimba udongo na kupasua mawe. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Tawi lake likapita Ruiru na kufika Thika mwaka 1913. Huko Nairobi yeye na ndugu yake Tayabali walipata mali nyingi, naye akaijengea Serikali nyumba nyingi za mwanzo.

Lakini si haki kulisifu jengo na kuwasahau waliobeba mawe. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa kazi ya reli, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ni nani leo awezaye kututajia majina yao, au majina ya Waafrika waliofanya kazi pamoja nao?

Mwaka 1910 Bwana Jeevanjee aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa Mhindi wa kwanza kupata nafasi hiyo. Alipinga bila woga ubaguzi wa rangi, hasa ule wa kuwatengea Wazungu peke yao ardhi ya milimani. Kwa hayo twamheshimu. Lakini mwaka ule ule alitoa shauri nchi hii iunganishwe na India, wala hakuwauliza wenye nchi. Kwa hilo alikosa, na yafaa tuseme hivyo.

Alifariki Nairobi mwaka 1936, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imekwisha kupungua. Kilichobaki ni bustani aliyowapa watu wote mwaka 1906, ambayo hata leo yaitwa kwa jina lake. Mwaka 1991 palipotokea shauri la kujenga maghorofa mahali pale, mjukuu wake Zarina Patel alisimama pamoja na wananchi wengine, bustani ikaokoka.

Baadhi ya wanachama wetu wameanzisha kampuni za ujenzi pamoja na ndugu na wana wao. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari hilo lisiwe la fedha tu: majina ya vibarua na yaandikwe humo, na sehemu ya faida iwekwe kwa ajili ya watu wote. Kampuni yaweza kufilisika, lakini kilichotolewa kwa watu hupata watu wa kukilinda.