Jacques Henri Lartigue: kijana aliyejifunza kupiga picha kwenye mashindano ya motokari na matembezi ya Paris

Alifariki mjini Nice, kusini mwa Ufaransa, tarehe 12 mwezi wa tisa mwaka wa 1986, akiwa na umri wa miaka 92. Leo jina la Jacques Henri Lartigue linatajwa pamoja na ya wapiga picha wakubwa wa karne ya 20. Lakini hadi alipofikisha miaka 69, mtu akimuuliza kazi yake, alijibu kwamba yeye ni mchoraji. Picha zilikuwa mchezo wake wa tangu utotoni. Hakusomea picha shuleni, wala hakuwa na studio. Alijifunza siku za jumapili, kando ya barabara za mashindano, kwenye viwanja vya ndege za kwanza, na chini ya miti ya bustani ambapo matajiri wa Paris walienda kutembea ili waonekane.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa sita mwaka wa 1894 huko Courbevoie, mji ulio kando ya Paris. Papa yake, Henri, alikuwa mtu wa biashara, mwenye mali nyingi, na yeye mwenyewe alipenda kupiga picha. Mwaka wa 1902 alimpa mtoto aparei yake ya kwanza. Ilikuwa sanduku la mbao lililosimama juu ya miguu mitatu, lenye kutumia vipande vya vioo vya sentimeta 13 kwa 18. Kabla ya hapo, mtoto alikuwa anatazama tu na kusaidiwa na papa yake. Sasa alianza kujifunza kazi yote: kuweka kioo ndani, kufungua lenzi, kuhesabu, kufunga, kisha kuingia katika chumba cha giza pamoja na papa na kungojea sura zitokee ndani ya dawa.

Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye kuugua mara nyingi. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba akiwa mdogo sana alibuni mtego wa macho: alifungua macho, akayafumba haraka, akajizungusha, akiamini kwamba kile alichoona kitabaki ndani yake na rangi zake na harufu zake. Siku moja akatambua kwamba mtego haushiki kitu, na akaumia moyo sana. Mtu anaweza kucheka, lakini ukitazama maisha yake yote baada ya hapo, utaona alikuwa anautafuta mtego ule ule kwa njia nyingine. Aliogopa kwamba furaha ya leo itapotea kesho.

Nyumbani hapakukosa vitu vya kukamata. Mkubwa wake Maurice, ambaye jamaa walimwita Zissou, alipenda kutengeneza vitu vya kukimbia na kuruka. Katika nyumba kubwa ya jamaa huko Rouzat, katikati ya Ufaransa, Zissou na binamu zake walitengeneza vigari vya kuteremka navyo mlimani, na baadaye ndege zisizo na mota. Mdogo alikuwa nyuma yao na aparei. Mwaka wa 1905, kwenye ngazi za nje ya nyumba yao ya Paris, alimpiga picha binamu yake Bichonnade akiruka, sketi imefunuka kama mabawa, miguu haigusi chini. Mwaka huo pia aliweka aparei sakafuni chumbani mwake ili kupiga picha motokari zake za kuchezea, kwa sababu alitaka zionekane kubwa kama zile za kweli. Hiyo ni akili ya mtu aliyekwisha kuelewa kwamba mahali unapoweka aparei ndipo picha inapoanzia.

Aparei ya miguu mitatu haikufaa kwa vitu vinavyokimbia. Papa akamnunulia nyingine ndogo za kushika mkononi, zenye kufunga haraka zaidi. Hapa tuseme wazi: vitu hivyo vilikuwa na bei kali, na watoto wengi wa Ufaransa wa wakati ule hawakuweza hata kuvigusa. Lakini pesa ilinunua aparei tu. Kujua kuitumia mbele ya motokari inayopita kilometa 100 kwa saa ni jambo lingine.

Papa aliwapeleka wanawe kwenye mashindano. Walifika Auvergne mwaka wa 1905 kwa kombe la Gordon Bennett, na baadaye kwenye mashindano makubwa ya chama cha motokari cha Ufaransa. Kwa aparei za zamani hizo, mpiga picha alipaswa kukisia umbali mapema. Alichagua mahali fulani barabarani, jiwe au alama yoyote, akatengeneza lenzi kwa umbali ule, kisha akangoja. Motokari inatokea katika vumbi, inapita, imekwisha. Nafasi ilikuwa moja. Ukichelewa kidogo, kioo kinabaki na barabara tupu, na kabla hujabadilisha kioo kingine, motokari inayofuata nayo imepita. Kijana yule alipoteza vioo vingi. Kidogo kidogo alijifunza kubonyeza mapema kuliko macho yanavyotaka, na pia kuzungusha mwili wote kufuata motokari.

Ni katika zoezi hilo alipata picha inayojulikana zaidi kati ya zote. Motokari namba 6 inatoka upande wa kuume wa picha. Sehemu yake ya mbele imekatwa. Gurudumu la nyuma si duara, limekuwa kama yai lililolala mbele. Watu waliosimama kando ya barabara, pamoja na nguzo, wanaonekana wanaanguka kuelekea nyuma. Hakuna ujanja uliofanywa katika chumba cha giza. Ndani ya aparei hiyo kulikuwa pazia lenye mwanya mwembamba. Mwanya ulipita mbele ya kioo na kuandika picha sehemu kwa sehemu, si yote kwa mara moja. Sehemu ya chini ya gurudumu iliandikwa kwanza. Ilipofika zamu ya sehemu ya juu, motokari ilikuwa imekwisha kusonga mbele. Na kwa kuwa kijana alikuwa anazungusha aparei wakati huo huo, watu waliosimama wakapinda upande mwingine. Kosa la aparei na kosa la mkono vilikutana, na picha ikaonyesha mwendo kuliko picha yoyote safi.

Yeye mwenyewe, kwa muda mrefu, aliihesabu kati ya zile zilizoharibika. Na kwa miaka mingi iliandikwa kuwa ya mwaka wa 1912, kwa kufuata tarehe aliyoiweka yeye. Baadaye watafiti walilinganisha namba ya motokari na orodha za mashindano, wakaona kwamba ni ya mwaka wa 1913, kwenye mashindano ya karibu na mji wa Amiens.

Ndege zilimvutia vilevile. Mwaka wa 1904, huko Merlimont kando ya bahari, alimpiga picha Gabriel Voisin akijaribu kupaa na chombo kisicho na mota. Baadaye alikuwa anaenda kwenye uwanja wa Issy-les-Moulineaux, ambapo watu walisimama kutwa nzima kungoja ndege ipande mita chache na kushuka. Kazi ya mpiga picha mahali pale ilikuwa subira zaidi ya ufundi.

Kuanzia mwaka wa 1910, akiwa na miaka 15 au 16, aligeuza macho kwa mji wenyewe. Katika bustani kubwa ya Bois de Boulogne na barabara iendayo huko, wanawake wenye kofia kubwa, manyoya na mbwa wadogo walipita wakitembea. Kijana alikaa kwenye kiti cha chuma, aparei imewekwa tayari kwa umbali wa mita chache, akangoja kama alivyongoja motokari. Mwanamke anakaribia, anafika mahali palipopimwa, aparei inalia. Wengine walicheka, na mara nyingine bwana aliyeandamana nao alikasirika. Tusifiche: hakuwaomba ruhusa. Leo tungebishana naye juu ya jambo hilo. Hata hivyo wanawake hao walikuja pale ili watazamwe, na picha zake zinaonyesha pia kwamba baadhi yao walimtazama yeye kwa jicho kali kuliko lake.

Kila jioni aliandika daftari: hali ya hewa, alienda wapi, na nani. Pembeni alichora kwa penseli picha alizopiga siku hiyo, kabla hajazisahau. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya kweli. Mtu anayelazimika kuchora kile alichokamata, usiku huo huo, anajua kesho yake atasimama wapi.

Gazeti la michezo la La Vie au Grand Air lilitoa baadhi ya picha zake. Mlango wa kazi ulikuwa wazi, lakini hakuingia. Mwaka wa 1915 alijiandikisha katika chuo cha uchoraji cha Académie Julian. Vita vya kwanza vya dunia havikumchukua kama askari kwa sababu ya afya yake. Alitumia motokari yake kusafirisha waganga mjini Paris. Katika miaka hiyo hiyo alimpiga picha Suzanne Lenglen, bingwa wa tenisi, akifanya mazoezi huko Nice, mwili wote hewani. Ni binamu Bichonnade tena, lakini sasa mpiga picha anajua anachokifanya.

Mwaka wa 1919 alimuoa Madeleine Messager, binti ya mtunga muziki André Messager. Jina lake la nyumbani lilikuwa Bibi. Kwetu jina hilo lingetosha kueleza kila kitu. Walipata mtoto wa kiume, Dani, mwaka wa 1921. Mwaka wa 1924 akazaliwa msichana, Véronique, aliyekufa baada ya miezi michache. Ndoa ilivunjika mwaka wa 1931. Mali ya jamaa nayo ilipungua, na Lartigue akaishi kwa kuuza michoro yake. Picha aliendelea kuzipiga na kuzibandika katika albamu, mwaka baada ya mwaka, bila karibu mtu yeyote wa nje kuziona.

Mwaka wa 1962, yeye na bibi yake wa tatu, Florette, walisafiri hadi Marekani kwa meli ya mizigo. Huko New York picha zake zilifika mikononi mwa John Szarkowski, msimamizi wa picha kwenye jumba la sanaa la Museum of Modern Art, na mwaka wa 1963 jumba hilo likazionyesha. Mwezi wa kumi na moja gazeti la Life likachapisha kurasa nyingi za picha zake. Toleo hilo ndilo lililoleta habari za kuuawa kwa raisi Kennedy. Mamilioni ya watu waliolinunua kwa sababu ya msiba wakamkuta humo kijana wa Paris na ndugu zake wanaoruka.

Marekani ilimtangaza kama mtoto wa ajabu, asiyefundishwa na mtu, aliyevumbua picha mpya kwa bahati. Habari hiyo ni tamu, lakini inamfuta papa na chumba chake cha giza, inafuta vioo vilivyoharibika, daftari za kila jioni, na magazeti ya michezo yaliyokuwa yamejaa picha za motokari na ndege tangu alipokuwa mdogo. Yeye hakuikanusha kwa nguvu. Katika uzee wake hata alitengeneza upya albamu zake, akipanga na kukata picha jinsi alivyotaka zikumbukwe.

Kitabu kilichotayarishwa na mpiga picha Richard Avedon mwaka wa 1970 kilimpeleka mbali zaidi. Mwaka wa 1974 raisi mpya wa Ufaransa, Valéry Giscard d'Estaing, alimchagua apige picha yake rasmi. Mwaka wa 1979 Lartigue aliipa serikali ya Ufaransa vioo vyake, daftari na albamu zaidi ya 100. Aliendelea kupiga picha hadi karibu na kifo chake.