Heinrich Hertz (1857–1894): Maisha ya Mtu Aliyethibitisha Mawimbi ya Redio

Mtahiniwa, unapompigia simu rafiki yako aliyekaa dawati la nyuma, simu yako haizungumzi na simu yake moja kwa moja. Kwanza hutuma mawimbi hadi kwenye mnara ulio karibu, kisha mtandao huyatafuta mahali ilipo simu ya pili. Mawimbi hayo yana historia, na historia hiyo ina jina la Heinrich Hertz. Soma maisha yake kwa makini. Ukimwelewa Hertz, hutahitaji kukariri mada ya mawimbi ya sumakuumeme.

Kuzaliwa na elimu

Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanasheria. Alianza na masomo ya uhandisi, lakini akatambua kwamba anachokipenda hasa ni fizikia. Mwaka 1878 alijiunga na Chuo Kikuu cha Berlin, akawa mwanafunzi wa Hermann von Helmholtz, na mwaka 1880 alipata shahada ya udaktari.

Swali lililomsubiri

Mwaka 1865 James Clerk Maxwell, mwanasayansi wa Uskoti, alikuwa amechapisha hesabu zilizoonyesha kwamba umeme na sumaku vinaweza kusafiri pamoja kama wimbi, kwa kasi ya mwanga. Zilikuwa hesabu tu. Hakuna aliyekuwa ameyatoa mawimbi hayo katika maabara na kuyapima. Mwaka 1879 Helmholtz alimshauri Hertz afanye utafiti wa kuipima nadharia ya Maxwell. Hertz alipiga hesabu, akaona vifaa alivyokuwa navyo havitoshi, akaliweka swali hilo kando. Hakulisahau.

Jaribio la Karlsruhe

Mwaka 1885 alipata kazi ya uprofesa mjini Karlsruhe. Mwaka 1886 alimwoa Elisabeth Doll, na mwaka huohuo akaanza majaribio yaliyompa jina. Fuata hatua zake:

1. Alitumia koili kutoa umeme wa volteji kubwa, akaupeleka kwenye vipande viwili vya chuma vilivyoachiwa nafasi ndogo kati yao. Cheche iliruka katika nafasi hiyo. Hiki kilikuwa kitumaji.
2. Mbali kidogo aliweka waya uliokunjwa kama pete, nao ukiwa na nafasi ndogo sana. Pete hiyo haikuunganishwa na kitu chochote. Hiki kilikuwa kipokeaji.
3. Cheche ilipolia kwenye kitumaji, cheche hafifu ilionekana pia kwenye pete. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilimbidi aitazame gizani.

Umeme ulikuwa umevuka hewa bila waya. Hertz hakuridhika na hapo. Kufikia mwaka 1888 alikuwa ameyaakisi mawimbi hayo kwa bamba la zinki, ameyapindisha kwa mche mkubwa wa lami na kupima urefu wake. Katika baadhi ya majaribio urefu wa wimbi ulikuwa sentimita 66 hivi. Yalitenda kama mwanga, na Maxwell, aliyefariki mwaka 1879, akathibitishwa kuwa sahihi.

Kifo na urithi

Mwaka 1889 Hertz alihamia Bonn. Baadaye aliugua, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa, lakini aliendelea kuandika kitabu chake cha mekanika. Alifariki tarehe 1 Januari 1894 akiwa na umri wa miaka 36, akiacha mjane na mabinti wawili. Kitabu kilichapishwa baada ya kifo chake. Lengo lake lilikuwa kuipima nadharia, si kutengeneza chombo cha mawasiliano. Kazi hiyo iliendelezwa na wengine, akiwemo Guglielmo Marconi, ambaye mwaka 1901 alipokea ishara ya redio iliyovuka Bahari ya Atlantiki. Kwa heshima ya Hertz, kipimo cha masafa kinaitwa hezi (Hz).

Kutoka pete ya waya hadi mnara

Mnara wa simu ni kitumaji na kipokeaji kwa pamoja. Antena zake hupokea mawimbi kutoka simu za eneo lake, mitambo huyageuza kuwa ishara zinazopelekwa mtandaoni, na majibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Kwa kuwa nguvu ya simu ni ndogo, nchi hugawanywa katika maeneo madogo yaitwayo seli, kila seli na mnara wake. Masafa yaleyale hutumika tena katika seli zilizo mbali ili zisiingiliane. Ukiwa ndani ya basi, mnara mmoja huikabidhi simu yako kwa mnara unaofuata bila mazungumzo kukatika.

Mfano: mnara unatumia masafa ya megahezi 900. Tafuta urefu wa wimbi.
Urefu wa wimbi = kasi ÷ masafa
= 300,000,000 ÷ 900,000,000
= mita 0.33, yaani sentimita 33.

Linganisha na sentimita 66 za Hertz: ni nusu yake tu.

Angalizo: watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuandika kwamba mnara husafirisha sauti hewani. Sauti huhitaji hewa au maada nyingine, nayo husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Simu huigeuza sauti kuwa ishara za umeme, kisha mawimbi ya redio huzibeba kwa kasi ya mwanga, hata mahali pasipo na hewa.

Maswali

1. Kwa nini ilikuwa muhimu pete ya Hertz isiunganishwe na koili?
2. Taja matokeo mawili yaliyoonyesha kwamba mawimbi ya Hertz hutenda kama mwanga.
3. Mnara unatumia masafa ya megahezi 1,800. Kokotoa urefu wa wimbi.
4. Eleza kwa nini mji wenye watu wengi huhitaji minara mingi.