Barney Barnato: Mwana wa muuza mitumba aliyefungua benki Johannesburg bila kusema itafanya kazi gani

Mtaa wa Simmonds, katikati ya jiji la Johannesburg, ndipo yalipo makao makuu ya Standard Bank. Miaka ya mwisho ya 1880 sehemu ya mtaa huo ilikuwa ikifungwa kwa minyororo ili mikokoteni isipite, na madalali wakauziana hisa za migodi katikati ya barabara baada ya soko la hisa, lililoanzishwa mwaka 1887, kufunga milango. Kati ya majina yaliyotajwa sana pale ni la Barney Barnato.

Wasomaji wengi wanamfahamu Cecil Rhodes. Barnato hawamfahamu, ingawa ndiye aliyemuuzia Rhodes sehemu kubwa ya almasi ya Kimberley.

Alizaliwa mwaka 1851 mashariki ya London, eneo la Wayahudi maskini, kwa jina la Barnet Isaacs. Baba yake alikuwa akiuza nguo kuukuu, yaani mitumba. Shule aliacha akiwa na miaka 14. Kaka yake Harry alitangulia Kimberley, na mwaka 1873 Barney naye akafika huko. Inasimuliwa kwamba mtaji wake ulikuwa maboksi ya sigara za bei rahisi. Jina la Barnato ni la jukwaani, maana ndugu hao walikuwa wachekeshaji kabla ya kuwa matajiri.

Bahati yake ilitokana na udongo. Wachimbaji waliamini kwamba almasi ipo kwenye udongo wa njano tu, na wakifika kwenye mwamba wa bluu chini yake wengi waliuza na kuondoka. Barnato akafikiri kinyume. Mwaka 1876 yeye na kaka yake walinunua vitalu vinne katikati ya shimo la Kimberley, na ule mwamba wa bluu ukawa ndio wenyewe hasa.

Kisha akaja Rhodes, akiwa na mkopo wa akina Rothschild wa London. Walishindana kununua hisa, na mwaka 1888 Barnato akakubali kuungana naye ndani ya De Beers. Wenye hisa wachache walipopinga mahakamani, kampuni ya Barnato ikabidi ifilisiwe na kununuliwa. Hundi iliyoandikwa mwaka 1889 ilikuwa ya paundi 5,338,650. Waafrika waliokuwa wakichimba humo walifungiwa kambini kwa muda wote wa mikataba yao na kupekuliwa miili, na katika hesabu hiyo hawamo.

Johannesburg alifika akiwa amechelewa, miaka miwili baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886. Akanunua migodi, viwanja, hata kampuni ya maji ya mji. Mwaka 1889 akaanzisha Johannesburg Consolidated Investment, maarufu kwa jina la JCI. Kazi yake ilikuwa kukusanya fedha Ulaya, kuziweka kwenye migodi na kusimamia mali. Leo tungemwita mtaalamu wa uwekezaji, ingawa sidhani kama alipenda kusoma mahesabu.

Halafu ikaja benki. Septemba 1895, wakati London na Paris zikiwa zimepagawa na hisa za dhahabu, alitangaza Benki ya Barnato yenye mtaji wa paundi milioni 2.5. Hapakuwa na maelezo ya maana ya biashara itakayofanywa. Jina lake lilitosha. Hisa ya paundi moja ilipanda mara kadhaa mara tu ilipoingia sokoni, na watu wakasukumana kununua.

Wiki chache baadaye soko likaporomoka. Barnato alitumia mamilioni ya fedha zake mwenyewe kununua hisa ili bei isianguke, na Novemba Meya wa London akamfanyia karamu kama shujaa. Lakini bei haikurudi. Mwaka 1896 benki ikamezwa na JCI, na walionunua kwa bei ya juu, wakiwemo watu wa kipato cha kawaida, wakabaki na karatasi. Waliopanda mbegu zao DECI kule Tanzania, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, hawahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba Barnato alikuwa na migodi ya kweli, na alipoteza pamoja nao.

Mwaka huo huo mpwa wake, Solly Joel, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa kwa njama iliyoambatana na uvamizi wa Jameson dhidi ya serikali ya Kruger. Barnato alitishia kufunga migodi yake yote, na wafungwa wakaachiwa kwa faini. Simba wawili wa mawe aliomzawadia Kruger bado wamelala mbele ya nyumba ya rais huyo mjini Pretoria.

Afya yake ya akili ikaharibika, na pombe ikazidi. Juni 14, 1897, akisafiri na familia kwenda Uingereza kwa meli ya Scot, alianguka baharini karibu na Madeira. Ofisa wa meli alijitosa kumwokoa bila mafanikio. Mahakama ya uchunguzi kule Southampton iliamua kwamba alizama akiwa hana akili timamu. Wapo wanaoshuku hadi leo, lakini ushahidi wa kumtia mtu hatiani haujapatikana.

Mwaka uliofuata mpwa wake mwingine, Woolf Joel, alipigwa risasi ofisini Johannesburg. Aliyefyatua, Von Veltheim, aliachiwa huru na mahakama. JCI iliendelea kuishi zaidi ya miaka mia moja. Mtu wa mwisho maarufu kuiongoza, Brett Kebble, naye aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake hapo hapo Johannesburg, Septemba 2005, huku hesabu za kampuni zikiwa hazieleweki.