PHIL OCHS (1940–1976), MWIMBAJI ALIYETAKA KUWA GAZETI



Mwaka wa 1973 kulitoka katika Nairobi disiki moja ndogo ya nyimbo mbili. Upande wa kwanza uliimbwa kwa Lingala, jina lake «Bwatue». Upande wa pili ni Kiswahili, jina lake «Niko Mchumba Ngombe». Musicheke, ndivyo ilivyoandikwa. Orkestra inayopiga ni ya rumba, ile rumba ambayo sisi tunaijua tangu utoto. Lakini mwenye kuimba ni Muzungu wa Marekani, mutu wa miaka 32, ambaye kwao alikuwa amekwisha kutoa disiki kubwa saba, na watu wengi walikuwa wameanza kumusahau.

Jina lake ni Phil Ochs. Mimi nilimujua kwa wimbo mumoja tu, kisha nikatafuta disiki zake moja moja mpaka nikazimaliza. Nimeona ni vizuri kuwaelezea maisha yake, hasa kwa sababu alianzia pale tulipo sisi: katika gazeti la shule.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1940 katika muji wa El Paso, Texas. Mama yake alitoka Scotland. Baba yake alikuwa munganga. Huyo baba alipelekwa katika vita ya Ulaya kama munganga wa jeshi, akarudi na akili iliyosumbuka. Siku zingine alikuwa juu sana, siku zingine chini sana, na alipashwa kulazwa katika hospitali. Jamaa ilihama muji kwa muji. Mushike neno hili la ugonjwa wa baba, sababu litarudi.

Mutoto Phil alipenda sinema kupita masomo. Alijua kupiga klarineti, na watu walisema angeweza kuwa mupigaji mukubwa. Kisha wazazi walimutuma katika shule ya kijeshi ya Staunton, katika Virginia. Kule hakuna aliyefikiri kwamba kijana huyo angekuja kutunga nyimbo za kukataa vita. Yeye alikuwa anasikiliza Elvis Presley kwa redio.

Nyuma ya hapo aliingia université ya Ohio State, akachagua masomo ya uandishi wa habari. Katika chumba chake alikaa na kijana jina lake Jim Glover, ambaye alikuwa na gitari. Mwaka wa 1960 Kennedy na Nixon walikuwa wanagombea urais. Wale vijana wawili wakashindana: Phil alisema Kennedy atashinda, Jim akaweka gitari yake. Kennedy akashinda. Ndivyo Phil Ochs alivyopata gitari, bila kulipa hata franga moja, na ni Jim mwenyewe aliyemufundisha kuipiga.

Katika université alikuwa anaandika katika gazeti la wanafunzi, na alitumaini watamufanya mukubwa wa gazeti. Walimukatalia, juu ya mawazo yake ya siasa. Alikasirika sana, akaacha masomo wakati ilibakia trimesta moja tu kupata diploma. Hapo mimi simusifu. Mutu anapashwa kumaliza, hata akiwa na hasira. Lakini alikwenda New York mwaka wa 1962 akiwa na gitari na wazo moja: kama gazeti limemukataa, basi ataimba habari.

Katika New York kulikuwa gazeti jina lake Broadside, lililokuwa linachapisha nyimbo mupya. Lilipigwa kwa roneo, sawa na hili munaloshika mikononi. Bob Dylan alianzia mule, Phil Ochs vilevile. Phil alisoma magazeti kila asubuhi, na mangaribi wimbo ulikuwa tayari.

Disiki yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1964, jina lake All the News That's Fit to Sing. Ni muchezo juu ya maneno ambayo gazeti la New York Times linaandika kila siku kwenye ukurasa wake wa kwanza, isipokuwa pale pa kuchapa yeye ameweka kuimba. Ndani yake kuna nini? Kuna Vietnam, wakati Wamarekani wengi hawakujua bado Vietnam iko fasi gani. Kuna Medgar Evers, yule Mweusi wa Mississippi aliyepigwa risasi mbele ya nyumba yake mwezi wa sita 1963 juu ya kutafuta haki ya watu wake. Kuna chombo Thresher, kile kinachotembea chini ya maji, kilichozama mwaka uleule na watu 129. Mutu moja, gitari, sauti nyembamba na safi. Kusema kweli disiki hii leo inasikika kama gazeti la zamani: nyimbo zingine zimekwisha kupita na habari yao.

Ya pili, I Ain't Marching Anymore ya 1965, ina nguvu zaidi. Wimbo wenye jina hilo unamuonyesha askari ambaye amepigana katika vita vyote vya Marekani tangu zamani, na sasa amechoka, hataki tena kutembea na bunduki. Vijana waliokataa kwenda Vietnam waliushika kama wimbo wao. Mwaka wa 1966 aliurekodi tena na gitari za umeme na ngoma, na hapo tunaona alikuwa anaanza kutoka katika muziki wa mutu moja na kuelekea roki.

Ya tatu, In Concert ya 1966, ndiyo nyimbo zake nyingi zinazojulikana. Humo kuna «There but for Fortune», ambao Joan Baez alikuwa ameuimba pia, na 1965 uliingia kati ya nyimbo kumi za kwanza katika Uingereza. Wimbo ni mufupi sana. Unapita mbele ya mufungwa, mbele ya mulevi, mbele ya inchi iliyopigwa na mabombe, na kila mara unamuomba musikilizaji aone kwamba kati yake na wale ni bahati tu. Humo pia kuna wimbo unaowachekelea wale wanaojiita wapenda haki, ambao haki inawapendeza ikiwa mbali na mutaa wao. Watu waliokuwa wanalipa tikiti kumusikia ndio hao hao aliokuwa anawasema. Inahitaji moyo.

Kati ya yeye na Dylan kulikuwa urafiki wenye miiba. Siku moja Phil alisema hakupenda sana wimbo mumoja mupya wa Dylan. Dylan akamushusha katika motokari yake, akimuambia kwamba yeye ni mwandishi wa habari tu. Neno lile lilimuuma, na naona disiki zilizofuata zilikuwa jibu lake.

Mwaka wa 1967 alihama New York, akaenda Los Angeles, akabadilisha pia kampuni ya disiki. Ikatoka Pleasures of the Harbor. Hapa gitari imekaa nyuma: kuna piano, kuna violoni nyingi. Wengine walisema amejipoteza. Mimi nasema hapana, ijapokuwa wimbo wa mwisho, ule mrefu juu ya kufa kwa Rais Kennedy, umejaa makelele ya mashini mpaka maneno hayasikiki. Wimbo ulio mukali zaidi mule unapigwa na piano ya furaha, kama ya kuchezea. Unaanza na mwanamuke anayechomwa kisu huku majirani wanaangalia kwa dirisha. Ilikuwa habari ya kweli ya New York, mwaka wa 1964. Gazeti liliandika kwamba watu 38 waliona na hawakufanya kitu. Nyuma ilijulikana kwamba gazeti lilikuwa limeongeza chumvi. Lakini furaha ile ya piano juu ya mambo ya aibu inabakia kumuchoma mutu.

Nitapita haraka juu ya Tape from California ya 1968, nzuri lakini haina umoja.

Mwezi wa munane 1968 chama cha Democrats kilikutana katika Chicago, na vijana wakafika kupinga vita. Phil alikuwa mule. Yeye na wenzake walinunua hata nguruwe moja wakasema ndiye wanayemuchagua kuwa rais. Lakini muchezo uliisha mara moja: polisi walipiga vijana kwa fimbo, damu ikamwangika katika barabara, na inchi nzima iliona kwa televizyo. Phil alirudi akiwa mutu mwingine. Disiki iliyofuata, Rehearsals for Retirement ya 1969, inaonyesha jiwe la kaburi lenye jina lake mwenyewe: amezaliwa El Paso 1940, amekufa Chicago 1968.

Kwangu hii ndiyo disiki yake kubwa, na nitaeleza juu ya nini. Mwezi wa tano 1968 chombo kingine cha chini ya maji, Scorpion, kilipotea na watu 99. Basi Phil akarudilia habari ileile ya disiki ya kwanza. Lakini sikilizeni tofauti. Ule wa Thresher unatuhesabia mambo: chombo kilifanya hivi, watu walikuwa hivi, kikazama. Ule wa Scorpion unatuingiza ndani ya chombo, tuko na baharia mwenyewe, gizani, hajui kama yeye ni muzima ao amekwisha kufa, na piano inashuka polepole kama maji yanayofunika. Kati ya nyimbo hizo mbili ni miaka mitano tu. Wa kwanza ulitungwa na mwandishi wa habari. Wa pili ulitungwa na mutu aliyejiona yeye mwenyewe anazama, na inchi yake pamoja naye. Dylan angeusikiliza ule, sijui angesema nini.

Disiki ile haikuuzwa. Mwaka wa 1970 alitoa nyingine akaiita Greatest Hits, ndiyo kusema nyimbo zake zilizopendwa zaidi, lakini zote zilikuwa mupya. Kwenye karatasi amevaa nguo ya dhahabu kama ya Elvis, iliyoshonwa na fundi wa Elvis mwenyewe. Wazo lake lilikuwa hili: wafanyakazi wa Marekani hawasikilizi wasomi, wanasikiliza Elvis, basi inahitaji Elvis mwenye moyo wa Che Guevara. Alipanda na nguo ile katika Carnegie Hall tarehe 27 Machi 1970, akaimba nyimbo za Elvis na za Buddy Holly. Watu wake wa zamani wakamuzomea. Yeye aliwaeleza kwa uvumilivu juu ya nini anafanya vile, na mwishoni wengi walikuwa upande wake. Nyuma ya pale hakutoa tena disiki kubwa ya nyimbo mupya. Nyimbo zilikuwa hazimujii.

Akaanza kusafiri. Katika Chile, mwaka wa 1971, alikutana na mwimbaji Víctor Jara, wakapendana. Mwaka wa 1973 alikuja Afrika, na ndipo alirekodi ile disiki ya Nairobi. Lakini katika safari hiyohiyo, katika Dar es Salaam, wezi walimushika usiku wakamukaba koo. Alipona, lakini sauti iliharibika: noti za juu hazikurudi tena. Kwa mutu mwingine ni jeraha tu. Kwake ilikuwa ile sauti nyembamba niliyosema, kitu pekee ambacho hakuna kampuni ingeweza kumunyanganya. Wakati mwingine alifikiri serikali ya kwao ilikuwa na mukono katika jambo lile. Hakuna aliyeonyesha uhakika wake. Na mwezi wa kenda mwaka uleule, waaskari wa Chile walimuua Víctor Jara.

Bado alikuwa na nguvu kidogo. Mwezi wa tano 1974 alitayarisha katika New York muziki mukubwa wa kusaidia watu wa Chile, na Dylan alikuja kuimba. Tarehe 11 Mei 1975, vita ya Vietnam ilipokwisha, aliimba katika Central Park mbele ya watu karibu 100.000.

Kisha ugonjwa wa baba ukamushika kabisa. Wengi waliona pombe tu, hawakuona ugonjwa. Alijiita jina lingine, John Train, akasema yeye amemuua Phil Ochs. Alipigana na watu, alilala barabarani, aliogopesha marafiki. Baadaye akatulia, akaenda kukaa kwa dada yake katika Far Rockaway, lakini utulivu ule ulikuwa upande wa chini wa ugonjwa uleule. Tarehe 9 Aprili 1976 alijiua. Alikuwa na miaka 35. Leo ugonjwa wa namna ile una dawa na waganga wake, na mwenye kuuona kwa ndugu yake asingoje.

Kisha ilijulikana kwamba polisi ya siri ya Marekani, FBI, ilikuwa imeandika juu yake karibu kurasa 500. Hakuna mwandishi wa gazeti aliyemusikiliza kwa uangalifu namna ile.

Mwenye kutaka kuanza, asianze na ile ya kwanza kama mimi. Aanze na In Concert, maneno yanasikika vizuri na hata Kingereza cha darasa la tatu kinatosha kwa nusu; kwa nusu ingine aulize mwalimu. Kisha achukue ule wimbo wa Thresher na ule wa Scorpion, azisikilize zote mbili mangaribi moja, katika ukimya.