Mtwa Mkwawa na Bunduki za Lugalo

Jina la Mtwa Mkwawa linapotajwa, Watanzania wengi hukumbuka ushindi wa Lugalo. Ni wachache wanaokumbuka hatima ya bunduki zilizotekwa siku hiyo, ingawa ndani yake mna funzo kubwa kuhusu maisha ya kiongozi huyo.

Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga alizaliwa Luhota, katika Mkoa wa Iringa wa sasa, takriban mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, aliziunganisha koo za Uhehe kuwa dola moja. Alipofariki mwaka 1879 ulizuka mgogoro wa urithi, na hatimaye Mkwawa akashika utawala.

Jeshi lake lilitegemea mkuki, ngao na nidhamu. Bunduki zilikuwa chache, nazo zilifika kwa misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu. Katika zama hizo bunduki ilikuwa silaha, lakini pia ilikuwa mali: ilibadilishwa kwa bidhaa, ilitolewa zawadi, na wingi wake ulipima heshima ya mtawala.

Tarehe 17 Agosti, 1891 wapiganaji wa Mkwawa walilivamia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na Wahehe wakateka bunduki zipatazo 300 pamoja na risasi. Ushindi huo ulipatikana kwa mikuki dhidi ya bunduki.

Silaha hizo zilipelekwa Kalenga, makao makuu yaliyozungushiwa ukuta imara, zikahifadhiwa pamoja na baruti na pembe za ndovu. Zikawa sehemu ya hazina ya dola. Hata hivyo, mkuki Mhehe aliuzoea tangu ujana, ilhali bunduki ya kisasa ilihitaji mafunzo na mazoezi ya mara kwa mara. Wajerumani waliporejea na kuivamia Kalenga tarehe 30 Oktoba, 1894, nyingi kati ya bunduki za Lugalo hazikuwa na mchango mkubwa katika ulinzi wa ngome. Ukuta ulivunjwa, na shehena kubwa ya baruti na pembe ikaangukia mikononi mwa adui.

Mkwawa aliponyoka. Kwa takriban miaka minne aliendesha vita vya msituni, akihama mahali hadi mahali, huku Wajerumani wakiahidi zawadi ya Rupia 5,000 kwa atakayewezesha kukamatwa kwake. Sasa hapakuwa na ghala wala hazina. Bunduki chache zilizobaki zilikuwa mikononi mwa watu waliozitumia kila siku, kwa kuwinda chakula na kwa kujihami.

Tarehe 19 Julai, 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Kurejeshwa kwake kulitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini lilirudi nyumbani Juni 19, 1954 wakati wa Gavana Edward Twining.

Leo fuvu hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Kalenga, mahali palepale ambapo bunduki za Lugalo ziliwekwa kama hazina. Mgeni anayefika hapo huona kwamba silaha iliyofungiwa ghalani haikuilinda ngome, bali urithi uliodumu ni ujasiri wa watu walioshika mkuki waliouzoea.