Siti binti Saad na Macho ya Watu

Wengi wetu tulikutana na Siti binti Saad kwenye kitabu. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na ukisoma Kiswahili chuoni huwezi kulikwepa jina hilo. Tunafundishwa kwamba alikuwa mwimbaji mkubwa wa taarab, kwamba alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, kwamba alikipa Kiswahili heshima mpya katika muziki. Yote ni kweli. Lakini nilipokuwa nakusanya habari zake kwa ajili ya makala hii, jambo jingine ndilo lililonishika. Mwanamke huyu aliishi katikati ya maneno ya watu juu ya mwili wake: anavaa nini, anafunika nini, sura yake ikoje, na ana haki gani ya kusimama mbele za watu. Ukikaa kwenye korido yoyote ya hosteli ya wasichana saa tatu usiku utayasikia maneno hayohayo, majina tu ndiyo yamebadilika.

Tuanze Fumba. Ni kijiji cha kusini mwa Unguja, na ndiko alikozaliwa mnamo 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake ya Uzigua. Mtoto alipewa jina la Mtumwa. Hilo halikuwa jina la utani. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini hali yenyewe ya kumilikiwa haikuondolewa kisheria hadi 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya sheria mpaka 1909. Binti wa ukoo wa namna hiyo alizaliwa akiwa tayari amepangiwa ngazi yake.

Na ngazi hiyo ilionekana kwenye nguo. Hapa ndipo naomba tutulie kidogo, maana siku hizi tunazungumza habari ya stara kana kwamba siku zote ilikuwa amri moja kwa wanawake wote. Zanzibar ya enzi ya utumwa haikuwa hivyo. Mke wa tajiri alijitanda, akavaa barakoa usoni, akatoka nje usiku akisindikizwa. Kijakazi wake alijifunga kipande cha merikani au kaniki kifuani, kichwa wazi, mabega wazi, akaenda kisimani na sokoni mchana kweupe. Wote wawili walikuwa wanawake, na mara nyingi wote walikuwa Waislamu. Lakini mwili wa mmoja ulihesabiwa kuwa na heshima ya kulindwa, na wa mwingine ulihesabiwa kuwa hauna cha kulinda. Yaani stara, ambayo katika dini ni jambo la kila muumini, mjini ilikuwa imegeuzwa kipimo cha nani ni mtu na nani si mtu.

Mtumwa binti Saad alikulia upande wa pili wa kipimo hicho. Wanawake wa Fumba walikuwa wafinyanzi, naye akajifunza kazi hiyo kwa mama yake. Alifinyanga vyungu, akavichoma, akavibeba kichwani kwenda kuviuza, akitembea kwa miguu na kunadi kwa sauti. Hakupata shule. Sauti yake ndiyo iliyotangulia kufika kila mtaa kabla hajaonekana yeye. Wateja walimjua kwa mbali, vyungu vikitajwa.

Alihamia mjini mwaka 1911. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa mpango na kuimba kwa Kiarabu. Taarab wakati huo ilikuwa muziki wa wakubwa. Ilikuwa imeletwa kwenye kasri na Sultani Barghash, ikaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Siti akaingia humo akiwa mwanamke, mwenye asili ya utumwa, asiyejua kusoma, na baada ya muda akaanza kuimba kwa Kiswahili. Jina la Mtumwa likaachwa. Akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Na akavaa buibui. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 buibui lilienea haraka Zanzibar, na waliolipokea kwa nguvu ni pamoja na wanawake waliotoka katika utumwa na watoto wao. Ukiisoma habari hii kwa haraka utasema wamejifungia gizani. Hebu iangalie kwa macho ya mtu ambaye mama yake alinyimwa ruhusa ya kujitanda. Kwake nguo ile ilikuwa tangazo: mimi pia nina heshima, mwili wangu si wa kila mtu kuutazama bure. Kanga nazo zilifanya kazi hiyohiyo. Aliyekuwa na kaniki moja alipata kanga pea moja, mbili, tatu, akachagua rangi mwenyewe.

Kwa hiyo Siti alifanya kila kitu ambacho mji ulidai. Alijisitiri. Sasa, je, mji ulimwacha? Haukumwacha. Uliposhindwa kumsema kwa kutojifunika, ulimsema kwa sura. Siti hakuhesabiwa miongoni mwa warembo wa Zanzibar, na warembo wa Zanzibar ya wakati ule walipimwa kwa weupe wa ngozi, urefu wa nywele na ukaribu wa sura zao na sura za watawala. Binti wa Kinyamwezi na Kizigua kutoka Fumba angeshindaje mashindano hayo? Mahasidi wake wakamtungia wimbo. Walimkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki yake, na kwamba bila ile sauti asingekuwa na cha kula. Simulizi nyingine iliyomfuata hadi leo inadai kwamba alijifunika wakati wa kuimba ili kuficha sura. Angalia mtego huo. Akiwa wazi, ni kijakazi asiye na haya. Akijifunika, eti anaficha ubaya. Hakuna vazi ambalo angevaa likamtoa kwenye mizani ya watu.

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Hakuvua buibui kwa hasira ili awaoneshe. Hakujitetea pia kwamba yeye ni mzuri. Aliwajibu kwa wimbo, na hoja yake ilikuwa kwamba uzuri wa sura si kitu cha kujadili, nasaba nayo si kitu, ila mtu akikosa akili ndipo amepata hasara. Alikataa swali lenyewe. Wao walikuwa wanauliza kama anafaa kutazamwa, yeye akawarudisha kwenye kile anachokifanya.

Na alichokifanya kilikuwa kikubwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake na kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Ni miongoni mwa sauti za mwanzo kabisa za Kiswahili kuwekwa kwenye santuri. Wenzake katika kundi walikuwa wanaume mahiri kama Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban, na yeye ndiye aliyesimama mbele. Hadi mwaka 1931 santuri zilizouzwa zilikuwa zimefika 72,000 hivi. Gramafoni ziliwekwa mikahawani, watu wakakaa na vikombe vya kahawa wakimsikiliza Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Fikiria jambo hilo. Santuri haina sura. Mtu wa Mombasa hakujua Siti ni mweupe au mweusi, mwembamba au mnene, kajitanda au hakujitanda. Alisikia sauti na maneno, akaamua kwa hayo. Pengine hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika maisha yake alihukumiwa kwa kazi yake peke yake.

Hakuitumia nafasi hiyo kuimba mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti unatokana na kisa cha kweli cha mwanamke aliyetoka matembezini na mwanaume akaishia kuuawa. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Waliobaki kuadhibiwa ni wanawake waliofika kutoa ushahidi, kwa kuwa usiku ule palikuwa na pombe. Siti akaliimba hilo waziwazi, mbele ya mji uliokuwa unanong'ona kwamba marehemu ndiye aliyejitakia. Mtu ambaye mwili wake mwenyewe ulisemwa miaka yote alitambua kilichokuwa kinafanyika: mwanamke ameuawa, na bado kinachochunguzwa ni mwenendo wa wanawake.

Nimejiuliza kwa nini jambo hili linanigusa hivi, nami jibu ninalo karibu. Naangalia wenzangu hapa chuoni. Kuna dada anavaa sweta zito mchana wa Dar es Salaam, joto limepanda, kwa sababu aliwahi kuambiwa kwenye kikundi chake cha maombi kwamba mikono yake inawakwaza kaka. Kuna mwingine hachezi tena netiboli, na alikuwa anaipenda, kwa sababu kila akikimbia anahisi macho mgongoni. Kuna anayevaa hijabu kwa moyo wake wote, ana amani nayo, halafu darasani anaulizwa kwa utani kama ana upara. Na kuna ambaye haivai, na mtu asiyemjua amemsimamisha njiani kumwambia nyumbani kwao hakuna wazazi. Kwenye mbao za matangazo kuna picha za mavazi yasiyoruhusiwa. Zihesabu uone ngapi ni za wanaume.

Sisemi dini ndiyo yenye kosa. Mtu anayesoma Qur'ani kwa utulivu ataona kwamba katika Sura ya An-Nur wanaume ndio walioamriwa kwanza kuinamisha macho, kisha ndipo wanawake wakaambiwa habari ya stara. Aya hizo zimefuatana. Sisi tumeikariri ya pili tukaisahau ya kwanza. Kwa Wakristo nako, onyo la Yesu kuhusu kumtazama mwanamke kwa tamaa limemwelekea mtazamaji, wala halikutaja urefu wa gauni. Stara ikiwa kati ya mtu na Mungu wake, inaweza kumpa mtu utulivu mkubwa. Tatizo linaanza pale inapokuwa mizani mikononi mwa watu. Hapo msichana anaanza kuuona mwili wake kama kosa linalosubiri kutokea. Anasimama mbele ya kioo, na badala ya kujiona yeye anaona watakachosema wengine. Kiuno kinakuwa dhambi, kifua kinakuwa fedheha, na hajafanya lolote zaidi ya kukua.

Aliyekuja baada ya Siti alichagua njia nyingine. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alizipata nyimbo za Siti tangu utotoni, kisha yeye akaimba bila kujifunika uso, akivuta sigara yake hadharani. Naye alisemwa hadi uzeeni. Ukiwaweka wawili hawa pamoja, mmoja ndani ya buibui na mwingine kichwa wazi, unaona kwamba kufunika au kutofunika hakukuwaokoa na maneno. Kilichowabeba wote ni kwamba kila mmoja alikuwa na jambo la kufanya ambalo hakuruhusu mjadala wa mwili wake ulizuie.

Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amewahi kukutana naye, na ndiyo maana tunao wasifu ule. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwishoni mwa miaka ya 1980 waliliita Sauti ya Siti. Wangeweza kuchagua majina mengi. Walichagua sauti.

Sisi wa kozi za elimu tutapelekwa mazoezi ya kufundisha, na kuna asubuhi utapewa zamu ya getini kukagua sare. Kanuni ya shule ifuate, sketi kama ni fupi andika iongezwe upindo. Ila usitoe mbele ya wenzake neno lolote kuhusu mapaja au makalio ya mtoto wa kidato cha pili, wala usimwambie kwamba anawaharibu wavulana. Mwambie habari ya sketi, kisha mruhusu aingie darasani, umuulize kama amemaliza kazi uliyompa jana.