Mwalimu wa Kwaya Aliyetuachia Sala



Watoto wetu wa shule hapa Kimwani huimba Mungu Ibariki Afrika, nasi wazee husimama wima. Tumeuzoea wimbo huo hata tumesahau kwamba, kabla ya kuwa wimbo wa taifa, ulikuwa sala ya Wakristo, na aliyeutunga alikuwa mwalimu wa kwaya.

Huyo ni marehemu Enoch Sontonga, Mxhosa aliyezaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika ya Kusini. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa pia mhubiri na mpiga picha. Aliona taabu za Waafrika wa mji ule, na kwa hiyo nyimbo zake nyingi zilikuwa na huzuni. Aliziandika kwa mkono, kwa noti za solfa, ili wanafunzi wake waziimbe.

Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo huu pamoja na sauti yake. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani, kasisi mmoja Mwafrika alipowekewa mikono. Sontonga alikusanya nyimbo zake daftarini akikusudia kuzichapisha, lakini alifariki tarehe 18 Aprili 1905 kabla ya kutimiza nia hiyo. Alimwacha mjane wake, Diana.

Wimbo haukufa. Wakuu wa kwaya waliupokea. Mshairi Mqhayi akauongezea beti saba, zikachapwa mwaka 1927. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru ikiimba sauti ile kwa Kiswahili. Zambia nayo iliichukua mwaka 1964, kwa maneno mengine. Lakini kaburi la mtunzi lilikaa miaka mingi bila kujulikana, mpaka lilipotafutwa na kutangazwa kumbukumbu ya taifa tarehe 24 Septemba 1996.

Ndugu, nasi tunao walimu wa kwaya. Nyimbo zao zimo katika madaftari yaliyochakaa, na wengine wamekwisha kutuacha. Tusingoje miaka tisini ndipo tuwatafute. Tuzinakili nyimbo zao, tuandike na majina yao, na wajane wao tuwatembelee.

Mungu atujalie kupanda kwa uaminifu, hata kama mavuno watayaona wengine. Amina.